Niliwaua Nyuki Wasio na Kosa

Akina mama wenzangu, mimi ni muuguzi. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimefundishwa, na mimi mwenyewe nimewafundisha wengine, kwamba mtu hatibiwi kwa kubahatisha. Si kila homa ni malaria. Kwanza pima, ndipo utoe dawa. Lakini mwaka 2018 nilisahau somo hilo nikiwa nyumbani kwangu Morogoro, na waliolipa gharama ya kusahau kwangu ni watoto watatu yatima ambao hawakuwa na kosa lolote.

Naomba niwasimulie ilivyokuwa.

Siku mwanangu alipoumwa

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi Machi. Nilikuwa zamu ya asubuhi kwenye kituo cha afya ninachofanyia kazi. Watoto walikuwa wanacheza uwanja wa kanisa, jirani na nyumbani. Pembeni mwa uwanja ule kuna mwembe mkubwa wenye pango katika shina, na ndani yake nyuki wa asali walikuwa wamefanya makao. Wavulana wakubwa wakaanza kushindana nani ana shabaha ya kulenga pango kwa mawe. Mwanangu wa mwisho, wakati huo ana miaka sita, alikuwa amesimama akiwatazama.

Nyuki walipotoka, wakubwa walikimbia. Yeye alianguka. Aliumwa mara nne au tano tu, idadi ambayo kwa mtoto mwingine ingeishia kwenye kulia na uvimbe wa siku mbili. Lakini kabla ya robo saa kwisha midomo yake ilikuwa imevimba, mwili mzima umetoka vipele, na kifua kinalia kama mluzi. Jirani alimpakia kwenye bodaboda akamleta kituoni. Nilipomwona mikono yangu ilitetemeka, nikashindwa hata kuvuta dawa kwenye sindano. Muuguzi mwenzangu ndiye aliyemchoma adrenalini pajani. Baada ya dakika chache niliona kifua chake kinashuka na kupanda vizuri, nikakaa chini sakafuni nikalia.

Mtoto alipona. Mimi ndiye niliyebaki mgonjwa. Kila nilipousikia mvumo, moyo ulikwenda mbio.

Hasira yangu jikoni

Wiki mbili baadaye, baada ya ibada, nilikuwa kwenye jiko la kanisa tukiandaa chai. Nikasikia mvumo mzito juu yangu. Katika boriti za paa kulikuwa na matundu ya mviringo, safi kana kwamba yamechongwa na fundi kwa keekee, kila moja lenye upana wa kuingia kidole changu kidogo. Nyuki wakubwa weusi, wanene, walikuwa wanaingia na kutoka. Chini ya kila tundu kulikuwa na unga wa mbao.

Sikuuliza swali. Sikumwita mtu. Nilisema, "Hawa nao wanangoja mtoto wa nani?" Jioni ile ile nilinunua dawa ya kuua wadudu, nikampa kijana mmoja ngazi, akapuliza kila tundu kisha akaziba kwa udongo. Bibi mmoja wa kikundi chetu, mwenye umri wa kumzaa mama yangu, alisimama mlangoni akasema taratibu, "Mwanangu, hao si waliomuuma mtoto." Nilimjibu kwa heshima ya mdomoni tu: "Shikamoo bibi, lakini nyuki ni nyuki." Asubuhi tulifagia mizoga sakafuni. Nilijisikia nimewalinda watoto wote wa kanisa.

Maua bila matunda

Mwaka uliotangulia, kikundi chetu cha akina mama kilikuwa kimepanda mashina arobaini ya pasheni nyuma ya jiko lile lile. Tulichagua pasheni za manjano kwa kuwa zinastahimili joto la mabondeni kuliko zile za zambarau zinazopenda milimani. Makubaliano yalikuwa kwamba fedha za mavuno ya kwanza ziwanunulie sare, viatu na madaftari watoto watatu wa marehemu mwenzetu. Tulisimika nguzo, tukafunga waya, tukamwagilia kwa zamu.

Maua yalikuja kwa wingi, na nani asiyelijua ua la pasheni lilivyo zuri? Kila siku mchana yalifunguka, jioni yakafumba, kesho yake au keshokutwa yakadondoka. Tuliyaokota chini kama maganda ya karanga. Tukasema ni ukame, tukaongeza maji. Tukasema ni udongo, tukaweka samadi. Mmoja wetu akasema ni jicho baya. Wiki zikapita na waya zetu zilikuwa na majani mazuri na matunda ya kuhesabu.

Ndipo mwenyekiti wetu akamwalika mzee mmoja jirani, bwana nyuki mstaafu, aje atutazamie. Alifika saa saba mchana, akaomba kiti, akaketi chini ya pasheni bila kusema neno kwa karibu saa nzima. Kisha akaniuliza:

"Sista, wale nyuki weusi wakubwa wako wapi? Mwaka jana nikipita hapa nilikuwa nawasikia."

Nilimweleza. Sikuweza kumtazama usoni.

Hakunigombeza. Alichuma ua moja akanionyesha. Katika ua la pasheni, vifuko vya chavua, yaani ule unga wa kiume, vinaning'inia juu vikitazama chini, na sehemu za kike zinazopokea chavua zimepinda karibu navyo. Chavua yake ni nzito na inanata, upepo hauwezi kuibeba. Nyuki mdogo wa asali akija anapita chini bila kugusa juu, au anaiba chavua na kuondoka. Ua halifaidi kitu. Lakini nyuki mnene mweusi akiingia kunywa asali ya ua, mgongo wake unasugua pale pale panapotakiwa. Akienda shina jingine, anapeleka ule unga. Tena pasheni ya manjano haizai kwa chavua yake yenyewe. Lazima itoke shina jingine lisilo na asili moja nalo. Bila yule mgeni mwenye mgongo mpana, ua linafunguka bure.

"Sista," alisema, "aliyemuuma mtoto wako alikuwa mwenye mzinga. Huyu uliyemuua hana mzinga wa kulinda."

Jambo gumu lilikuwa kusimama mbele ya kikundi Jumapili iliyofuata na kusema, "Ni mimi." Bibi yule aliyenionya alikuwapo, nikamwomba radhi mbele ya wote. Hakusema, "Nilikuambia." Alisema tu, "Sasa tufanyeje?" Tulijipangia zamu ya mchana, tukawa tunapaka chavua kwa kidole kutoka shina hadi shina. Ni kazi ya subira, na ua likishafumba umechelewa. Tulipata matunda, lakini machache. Shule ilipofunguliwa, watoto wawili walipata sare mpya. Binti wa tatu alivaa viatu vya kaka yake, vimejazwa karatasi mbele. Nilimwona akitembea navyo. Mpaka leo sijasahau mwendo ule.

Wageni wa bustani

Tangu hapo nilimwomba yule mzee anifundishe. Nilikuwa nikitoka zamu ya usiku napitia bustanini kwanza kabla ya kulala. Nimejifunza kwamba bustani moja ya nyumbani inaweza kuwa na nyuki wa aina nyingi, na kila mmoja ana sura yake, kazi yake na tabia yake. Wafuatao ndio rahisi kuwatambua.

Nyuki wa asali. Ni wa rangi ya kahawia yenye mistari, mwembamba kiasi, na chavua huibeba miguuni nyuma kama vikapu viwili vya manjano. Anaishi katika jamii ya maelfu, yenye malkia mmoja, ndani ya mzinga, pango la mti au dari. Akiwa mbali na kwake, juu ya ua, hana ugomvi. Karibu na makao yake ni askari. Mwiba wake una vijino, hivyo unanasa kwenye ngozi yako na kubaki pamoja na mfuko wa sumu, naye anakufa. Mahali alipokuuma pananukia kidogo kama ndizi mbivu. Harufu hiyo ndiyo inayowaita wenzake. Ndiyo maana kumponda nyuki karibu na mzinga ni kujiitia jeshi.

Nyuki mweusi mtoboa mbao. Ndiye niliyemkosea. Ni mkubwa kupita wote, mweusi anayeng'aa mgongoni upande wa tumbo, wengine wakiwa na mkanda mweupe au wa manjano. Katika aina nyingine dume ana manyoya ya rangi ya manjano au kahawia mwili mzima, hata utadhani ni mdudu mwingine. Dume ndiye anayekujia usoni na kusimama hewani akivuma, lakini vitisho vyake ni bure kwa sababu dume hana mwiba. Hii ni kweli kwa nyuki wote: mwenye mwiba ni jike peke yake. Jike huyu anaweza kuuma, lakini hadi umshike mkononi au umkanyage. Mbao hazili, anazitoboa ili apate chumba cha kulea. Humo anapanga vyumba kwa mstari, kila kimoja na yai moja na donge la chavua, na kati ya chumba na chumba anajenga ukuta wa unga wa mbao.

Nyuki mkata majani. Je, umewahi kukuta majani ya waridi yamekatwa pembeni vipande vya mviringo, safi kama vya mkasi? Mimi nilidhani ni ugonjwa, nikayapulizia dawa. Kumbe ni nyuki mwenye umbo la kadiri, anayebeba vile vipande kwenda kuwatandikia watoto wake ndani ya mwanzi au tundu la msumari ukutani. Utamjua kwa kuwa chavua haibebi miguuni bali chini ya tumbo. Ukimwona tumbo limepakwa manjano, ndiye. Waridi halifi kwa kukatwa hivyo.

Nyuki wa mistari ya bluu. Huyu ni mzuri ajabu. Ana mistari ya rangi ya bluu hafifu tumboni, anaruka kwa kasi, anasimama hewani, anahama. Ukimsikia kwenye ua la nyanya au biringanya, sauti inapanda ghafla kama mashine ya cherehani. Analishika ua na kulitikisa kwa misuli ya mabawa mpaka chavua inamwagika. Nyuki wa asali hana ufundi huo. Basi ukiona nyanya zako zimejaa matunda, mshukuru na huyu. Madume yake hayana nyumba. Usiku yanalala nje, yameng'ata bua la nyasi kwa meno, mwili unaning'inia. Niliyakuta alfajiri moja nikitoka kazini, yamepangana kwenye bua moja kama nguo kwenye kamba. Nilisimama pale na uchovu wangu wa usiku, nikacheka peke yangu.

Nyuki wadogo wasiouma. Ni wadogo kama sisimizi wenye mabawa, weusi. Kwenye ufa wa ukuta au shina la mti utaona kijibomba cha nta kimechomoza. Huo ndio mlango wao. Nao wana malkia na jamii kubwa, lakini hawana mwiba unaofaa. Ukiwachokoza wanajipenyeza kwenye nywele na kung'ata kidogo. Baadhi yao wanapenda jasho na machozi, ndiyo maana wanakusumbua machoni ukilima. Asali yao ni nyepesi, ina uchachu, na wanaihifadhi kwenye vijungu vidogo badala ya masega. Wengi huinunua kwa bei ya juu kama dawa. Hapa niseme kama muuguzi: asali yoyote ile, ya nyuki wadogo au wakubwa, asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake bado haliwezi kuvishinda, vikamletea udhaifu mbaya wa misuli.

Wasio nyuki. Nyigu ana kiuno chembamba sana na mwili usio na manyoya. Huwinda viwavi kwa ajili ya watoto wake, na anaweza kuuma zaidi ya mara moja. Yuko pia nzi anayejifanya nyuki: ana mistari ya manjano na anasimama hewani, lakini ana mabawa mawili tu, wakati nyuki ana manne, na macho yake makubwa yamejaza kichwa. Hana mwiba, na watoto wa aina nyingi za nzi hao hula vidukari wanaonyonya mboga zetu.

Ukisimama mbele ya mdudu usiyemjua, jiulize maswali haya: ana ukubwa gani? Ana manyoya au anang'aa? Chavua kaibeba wapi? Anaingia wapi, kwenye mbao, udongoni, kwenye mwanzi, au pamoja na maelfu ya wenzake? Swali la mwisho ndilo la usalama. Anayeishi peke yake hana hazina ya kulinda, na ni mara chache sana atakuuma.

Yanayopaswa kuogopwa

Nisieleweke vibaya. Sisemi nyuki hawana hatari. Nimeushika mwili wa mwanangu ukiwa unaishiwa pumzi. Nasema tuogope panapostahili.

Ukiumwa na nyuki wa asali, ondoka kwanza mahali hapo, kisha toa mwiba upesi. Kuukwangua kwa ukucha au kuuchomoa kwa vidole si hoja. Hoja ni haraka, kwa kuwa mfuko unaendelea kusukuma sumu. Osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa chenye maji baridi. Uvimbe na maumivu ya mahali palipoumwa ni kawaida.

Dalili za hatari ni hizi: vipele mwili mzima, kuvimba midomo, ulimi au uso, sauti kukwama, kupumua kwa shida, kutapika, kizunguzungu au kuzimia. Huo ni mzio mkali. Usingoje, wala usiridhike na vidonge. Dawa yake ni sindano ya adrenalini, hivyo mkimbize kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Mlaze na umwinulie miguu. Kama anapumua kwa shida, mwache akae. Hata akipata nafuu abaki akiangaliwa, kwa sababu dalili zinaweza kurudi baada ya saa kadhaa. Na mtu aliyeumwa mara nyingi kwa pamoja apelekwe hata kama hana mzio, maana wingi wa sumu peke yake unaweza kuua.

Nyuki wakishambulia, kimbia ukiwa umefunika uso, uingie nyumbani na kufunga mlango. Usiwapige, na usijitupe majini. Watakungoja utoe kichwa. Makao yao yakiwa karibu na watoto, usichome moto wala kumwaga mafuta ya taa. Mwite mfuga nyuki.

Hivyo ndivyo tulivyofanya hatimaye na mwembe ule. Yule mzee alikuja usiku na moshi wake na mzinga mtupu, akawahamishia mbali na uwanja. Boriti za jiko tulizipaka rangi, kwa kuwa watoboa mbao hupenda mbao zisizopakwa. Kisha tukafunga magogo makavu kwenye nguzo za pasheni, ili wakirudi wapate pa kukaa. Ilichukua muda. Mwaka 2020 nilimsikia wa kwanza. Nilikuwa nimebeba ndoo ya maji. Niliiweka chini na kusikiliza ule mvumo mzito ambao zamani ulinitoa jasho.

Binti wa viatu vya kaka yake amekwisha maliza kidato cha nne. Mwanangu sasa ni kijana anayenizidi kimo. Bado nyuki wa asali ni hatari kwake, naye anajua, na shuleni kwake wanajua. Lakini hakimbii kila kinachovuma. Juzi nilikuwa nachuma nyanya, kitu kikavuma karibu na sikio langu, mkono ukainuka wenyewe kutaka kupiga.

"Acha, Mama," alisema nyuma yangu. "Tazama kwanza. Huyo ni wa bluu."

Nikashusha mkono, nikatazama.